HATA MUOSHA HUWEKA SHUKA



Wazee wetu walisema: tahadhari kabla ya athari. Na wazee hao hao wakasema: nyumba husetiri mambo. Semi hizi mbili zimekaa pamoja vinywani mwetu tangu dahari bila ya kugombana, kwani kila moja ilikuwa na pahala pake. Siku hizi zimekutana uso kwa uso mbele ya mlango mmoja mwembamba, nao ni mlango wa ukaguzi katika uwanja wa ndege. Hapo mtu huambiwa avue mkanda, atoe vilivyomo mfukoni, anyanyue mikono juu, na asimame kama mtoto aliyekosa mbele ya mwalimu wake. Mmoja husema: huu ndio usalama. Mwingine husema: huu ni udhalilifu.

Mabishano hayo yamefika barazani kwetu, na kwa majuma mawili sasa wanachama wenzetu wamegawanyika. Kundi moja lasema kwamba ukaguzi wote huu ni hila iliyotungwa kwa ajili ya kuwatesa watu wenye majina ya Muhammad na Abdalla, na kwamba chama chetu kinapasa kuupinga kwa jumla. Kundi la pili lasema kwamba asiye na la kuficha hana la kuogopa, na mwenye kunung'unika atazamwe vizuri zaidi kuliko asiyenung'unika. Mimi, kwa fikra yangu, naona makundi yote mawili yamepotea njia, na upotevu huo si mdogo. Watu wa visiwa hivi wanaopanda ndege si matajiri peke yao. Wako wanaokwenda Hija na Umra, wako wanaokwenda Dubai na Muscat kwa biashara au kuona jamaa, wako wagonjwa wanaotafuta tiba, na wako wanaovuka tu kwenda Dar es Salaam. Watu hawa siku moja watatuuliza: nyinyi mnaotaka dhamana ya nchi, mtatulinda vipi, na mtatuheshimu vipi? Chama kinachojua kusema "hapana" peke yake hakijawa tayari kutawala. Na chama kinachosema "ndio" kwa kila mwenye kuvaa sare si chama cha upinzani.

KHATARI NI YA KWELI

Naanza na kundi la kwanza. Ndugu zangu, khatari si hadithi ya kutishia watoto. Mwezi wa Februari mwaka 1982 ndege yetu wenyewe, Boeing 737 ya Shirika la Ndege la Tanzania, ilitekwa ikiwa safarini kutoka Mwanza kwenda Dar es Salaam. Ikapelekwa Nairobi, ikapelekwa Jeddah, ikapelekwa Athens, na mwisho ikatua Stansted, Uingereza, huku abiria wakiwa hawajui kama watayaona tena majumba yao. Tarehe 21 Disemba 1988 bomu lililofichwa ndani ya mzigo liliipasua ndege ya Pan Am juu ya mji wa Lockerbie, Scotland. Walikufa watu 270, na 11 miongoni mwao hawakuwa abiria, walikuwa majumbani mwao. Tarehe 11 Septemba 2001 watu 19 waliteka ndege 4 huko Marekani na wakaua watu karibu 3,000. Na tusidhani kwamba mambo hayo ni ya mbali. Tarehe 28 Novemba 2002 makombora mawili yalirushwa kuilenga ndege ya abiria ilipokuwa ikiondoka Mombasa, yakaikosa kwa rehema ya Mungu, na siku hiyo hiyo hoteli ya Kikambala ikaripuliwa.

Katika Hadithi za Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, iko mashuhuri juu ya watu waliopanda jahazi moja, baadhi yao juu na baadhi yao chini. Walio chini, kila wakitaka maji, iliwabidi wawapitie walio juu, nao wakaona bora watoboe tundu katika sehemu yao wenyewe ili wasiwaudhi wenzao. Mafunzo yake ni wazi: wakiachwa wafanye wapendavyo, wataangamia wote pamoja, na wakizuiliwa mikono, wataokoka wote pamoja. Sisi ni watu wa bahari, na hatuhitaji kuelezwa zaidi. Ndege ni jahazi la angani. Aliyekaa kiti cha dirishani na aliyekaa kiti cha nyuma wana mauti mamoja na uhai mmoja. Kwa hivyo mwenye kusema kwamba hapana mwenye haki ya kuutazama mfuko wake kabla hajapanda, huyo anasema kwamba ana haki ya kutoboa tundu upande wake. Hilo chama chetu hakiwezi kulisema.

WALAKINI UKUTA NI UKUTA

Sasa naligeukia kundi la pili, la wasemao kwamba asiye na la kuficha hana la kuogopa. Maneno haya yana sura ya hekima, lakini ndani yake ni matupu. Je, msemaji hana la kuficha? Basi mbona avaa nguo? Mbona nyumba yake ina mlango, na mlango una pazia? Mbona barua yake huifunga kwa gundi? Tunasitiri vitu vingi ambavyo si dhambi: maradhi yetu, umasikini wetu, miili yetu, machozi yetu. Mwanamke aliyekatwa titi kwa sababu ya saratani hakutenda kosa lolote, lakini hataki safu nzima ya wasafiri ijue. Mzee mwenye mfuko wa haja tumboni baada ya kupasuliwa hakumdhulumu mtu, lakini anapoguswa hapo mbele za watu hutamani ardhi ipasuke immeze.

Dini yetu imekataza kupelelezana katika Sura ya Al-Hujurat, na katika Sura ya An-Nur imetuamrisha tusiingie majumba ya wenzetu mpaka tubishe hodi na tutoe salamu. Nayo riwaya mashuhuri yasimulia kwamba Sayyidna Umar, Khalifa wa Waislamu, alipokuwa akizunguka usiku alisikia sauti katika nyumba moja, akaupanda ukuta, akamkuta mtu katika maasi. Mtu yule akamjibu: ikiwa mimi nimekosa moja, wewe umekosa matatu. Umepeleleza, umeingia si kwa mlango, na hukutoa salamu. Umar, pamoja na nguvu zake na haki ya ukhalifa wake, akarudi nyuma. Tazameni, ndugu zangu: mtu yule alikuwa na la kuficha, tena baya, na hata hivyo ukuta wake ulibaki kuwa ukuta.

Basi tuna mambo mawili mkononi, jahazi na ukuta. Wanavyuoni wa fiqhi walitupatia mizani ya kuyapima zamani sana. Walitufundisha kwamba dharura hufungua mlango wa lile lililokatazwa, na papo hapo wakaongeza kwamba dharura hupimwa kwa kadiri yake. Mwenye njaa ya kufa aweza kula mzoga, lakini hana rukhsa ya kujaza kikapu akapeleka sokoni. Watawala wa dunia wameipenda sana nusu ya kwanza ya kanuni hii, na nusu ya pili wameisahau.

KISA CHA MASHINE ZA MAREKANI

Msinione nasema kwa nadharia. Kiko kisa kilichotokea, nacho chatosha kutufundisha sote.

Siku ya tarehe 25 Disemba 2009 kijana mmoja wa Nigeria, Umar Farouk Abdulmutallab, alipanda ndege kutoka Amsterdam kwenda Detroit, na ndani ya nguo yake ya ndani alikuwa ameshonea unga wa kuripuka. Mlango wa kugundua chuma haukumwona, kwa kuwa unga si chuma. Bomu halikuripuka sawasawa, likamwunguza mwenyewe, na abiria wenziwe wakamkamata. Ndege ilikuwa na watu karibu 290.

Baada ya siku ile Serikali ya Marekani ikazidisha mno mashine mpya viwanjani. Mashine hizo ziliona kupita ndani ya nguo. Aina moja ilitumia mionzi ya eksirei, na aina ya pili ilitumia mawimbi ya redio. Askari aliyekaa chumba kingine alitazama sura ya mwili wa abiria kama aliyevuliwa: mwanamke na mwanamume, mkubwa na mdogo. Asiyetaka kupita aliambiwa apapaswe kwa mikono, na kuanzia mwishoni mwa mwaka 2010 upapasaji huo ukawa mkali kiasi cha kufika pahala ambapo mkono wa mtu baki haufiki.

Watu wakalalamika, tena si Waislamu peke yao. Baraza la Fiqhi la Amerika ya Kaskazini lilitoa fatwa mwezi wa Februari mwaka 2010 kwamba mashine zile zinakwenda kinyume na mafunzo ya Kiislamu juu ya haya, na likawashauri Waislamu wachague kupapaswa. Mwezi huo huo Papa wa Roma, Benedict wa 16, alipokutana na wafanyakazi wa viwanja vya ndege, alikumbusha kwamba hata katika zama za ugaidi heshima ya binadamu haifai kusahauliwa. Wapigania haki wakaenda mahakamani. Serikali ikawatuliza watu kwa kusema kwamba picha haziwekwi. Walakini nyaraka zilizotolewa kwa nguvu ya sheria zilionyesha kwamba serikali yenyewe ilipoziagiza mashine hizo ilitaka ziwe na uwezo wa kuweka picha kwa ajili ya majaribio. Na katika jengo moja la mahakama huko Orlando, ambako askari wa mahakama walikuwa na mashine ya namna hiyo, ikagundulika mwaka 2010 kwamba picha zaidi ya 35,000 zilikuwa zimewekwa.

Mwezi wa Julai mwaka 2011 mahakama ya rufaa ya Washington ilitoa hukumu. Haikuziondoa mashine, na haikusema kwamba katiba imevunjwa, lakini ilisema kwamba serikali ilikosea kuzieneza bila ya kuwauliza wananchi maoni yao kwanza, kama sheria ilivyotaka. Mwaka 2012 Bunge la nchi ile likapitisha amri kwamba kila mashine iwe na namna ya kumwonyesha askari kikatuni tu cha umbo la binadamu, kilicho sawa kwa watu wote, na alama pale palipo na kitu cha kutiliwa shaka. Zile za mawimbi ya redio ziliweza kubadilishwa. Zile za eksirei hazikuweza, na kufikia katikati ya mwaka 2013 zote zilikuwa zimekwisha ondolewa viwanjani.

Haya basi, ndugu zangu, yatieni maneno haya katika mizani. Kwa miaka mitatu wakubwa waliwaambia raia: chagueni moja, ama mtazamwe uchi ama mripuliwe. Kumbe ilikuwako njia ya tatu siku zote! Mashine iliweza kuutafuta unga bila ya kumwonyesha askari mwili wa mke wa mtu. Njia hiyo haikutafutwa kwa bidii mpaka watu walipopiga kelele, mahakama ikasema, na Bunge likaamrisha. Nchi za Ulaya nazo, mwezi wa Novemba mwaka 2011, ziliweka kanuni kwamba mashine za mionzi ya eksirei zisitumike viwanjani, picha zisiwekwe, mwenye kutazama picha asimwone abiria mwenyewe, abiria aweze kuomba atazamwe na mtu wa jinsia anayoitaka, na asiyetaka mashine apewe ukaguzi wa namna nyingine. Ndege za Ulaya zimeendelea kuruka.

JE, AIBU ILINUNUA USALAMA?

Mimi ni mwenye duka, na katika biashara hatumsifu mtu kwa bei aliyolipa, twamuuliza amepata nini. Wamarekani walilipa kwa haya yao. Walipata nini? Mwaka 2014 wataalamu wa vyuo vikuu vya huko, walioinunua mashine moja ya eksirei katika bidhaa kuukuu za serikali na kuijaribu, walitangaza kwamba mtu mjanja aweza kupita nayo silaha bila ya kuonekana. Mwaka 2015 ikajulikana kwamba wakaguzi wa siri wa serikali waliojifanya abiria walipitisha silaha na mabomu ya bandia mara 67 katika majaribio 70. Viatu navyo, ambavyo watu walikuwa wakivivua tangu mwaka 2006 kwa sababu ya mtu mmoja aliyejaribu kuripua kiatu chake mwaka 2001, viliruhusiwa kubaki miguuni mwezi wa Julai mwaka 2025.

Na lililo kubwa zaidi ni hili. Yule kijana wa mwaka 2009, baba yake mzazi alikwenda mwenyewe kwenye ubalozi wa Marekani mjini Abuja, mwezi mmoja kabla, akasema kwamba anamkhofia mwanawe. Habari ilifika na ikaandikwa. Wenye kazi ya kuisoma hawakuiunganisha na nyengine, na viza ya kijana haikufutwa. Baba mmoja mwenye uchungu alitoa khabari iliyo bora kuliko mashine zote, na serikali ililala nayo. Kisha wakaamka wakawavua nguo watu wengine.

Katika duka langu wezi wadogo wadogo hawakosekani. Sijapata kumvua mteja shati. Vitu vya thamani nimeviweka nyuma ya kaunta, ndani ya kabati ya kioo yenye kufuli, na macho yangu nimeyaweka mlangoni. Hivyo ndivyo walivyofanya wenye akili katika habari ya ndege. Baada ya mwaka 2001 milango ya chumba cha rubani ilifanywa migumu na ikafungwa kwa ndani, na kufuli ile haikumvunjia mtu heshima. Hata hivyo nayo ina upungufu wake, kwani tarehe 24 Machi 2015 rubani msaidizi wa ndege ya Germanwings alijifungia humo peke yake akaibwaga ndege mlimani, wakafa watu 150. Hapana mashine iwezayo kuuona moyo. Anayeahidi usalama wa asilimia mia kwa badali ya heshima ya asilimia mia anauza bidhaa asiyokuwa nayo ghalani.

DAFTARI LA MADENI

Jambo la pili ni majina. Abiria siku hizi hapekuliwi mwili tu. Jina lake hupekuliwa kabla hajafika uwanjani.

Nitakiri kosa langu mwenyewe. Mwaka mmoja niliandika katika daftari la madeni jina la mteja, na mtaani kwetu wako watu wawili wenye jina lile. Nikamdai asiyedaiwa, tena mbele za watu, siku ya Ijumaa. Nilipogundua ilinibidi niende nyumbani kwake, nimwombe radhi mbele ya wale wale waliosikia, na nilifute jina lake yeye akitazama. Naliona aibu sana, lakini alhamdulillahi nilikuwa na uwezo wa kufuta, na yeye alikuwa na uwezo wa kunijia dukani na kuniambia: fungua daftari, nione.

Tazameni sasa madaftari ya serikali kubwa. Mwaka 2004 Seneta Edward Kennedy wa Marekani, mtu ambaye sura yake ilijulikana nchi nzima, alizuiliwa mara kadhaa viwanjani kwa sababu jina lililofanana na lake lilikuwa katika orodha ya washukiwa. Naye, pamoja na useneta wake, ilimchukua majuma kadhaa kulitoa. Mwaka 2005 mwanafunzi mmoja wa kike kutoka Malaysia alifungwa pingu katika uwanja wa San Francisco, kisha akazuiliwa kurudi Marekani. Alikwenda mahakamani, na mwaka 2014 hakimu akathibitisha kwamba mpelelezi aliyejaza fomu yake alikosea kutia alama: alitia pasipotakiwa na akaacha palipotakiwa. Kalamu moja ilikosea, na mtu akahangaika karibu miaka 9. Tena wako Waislamu wa huko waliodai mahakamani kwamba waliwekwa katika orodha kwa sababu walikataa kuwapeleleza wenzao misikitini. Mwezi wa Disemba mwaka 2020 Mahakama Kuu Kabisa ya Marekani iliamua kwamba watu hao wana haki ya kuwadai fidia maofisa waliohusika. Na mwezi wa Machi mwaka 2024 mahakama hiyo hiyo iliamua kwa kauli moja kwamba serikali haiwezi kuikimbia kesi kwa kulifuta tu jina la mtu kimya kimya.

Wenzetu wengine husema: samaki mmoja akioza wote wameoza, basi na tukaguliwe sote wenye majina hayo. Mimi nimeuza samaki wakavu kwa muda mrefu. Muuzaji mwenye akili humtoa aliyeoza, wala hatupi tenga zima. Na mwizi akijua kwamba mlinzi anatazama kanzu tu, atavaa suruali.

LA MAMA YANGU

Sikutaka kulisema hili, lakini ndilo lililoniandikisha. Nilipata kumsindikiza mama yangu mzazi kwenda Umra. Katika uwanja mmoja, ambao sitautaja kwa kuwa sikusudii kumtia mtu aibuni, mashine ililia alipopita. Ilikuwa ni pini za ushungi. Askari mwanamume akamwambia auvue hapo hapo, mbele ya safu ya watu. Hapakuwa na pazia, na mwanamke wa zamu hakuwapo. Mama hakubishana. Alisimama kimya, mikono ameishika kifuani, mpaka akatokea mfanyakazi mmoja wa kike, akamwambia, "Njoo, bibi yangu," akampeleka nyuma ya mlango wa chumba kidogo. Kazi yote ilikwisha kwa dakika mbili.

Ndani ya ndege nilikuwa nikitetemeka kwa hasira. Mama akaniambia: "Mwanangu, kupekuliwa si neno. Hata siku ya mauti tutapekuliwa na muosha. Lakini hata muosha huweka shuka."

Sijasikia hakimu wala waziri aliyelieleza jambo hili kwa ufupi na usahihi zaidi. Maiti hana tena nguvu wala siri, na kazi ya kumwosha ni faradhi isiyoepukika, na hata hivyo sheria yetu yataka shuka. Je, aliye hai?

TUNACHODAI

Nchi yetu haikukosa sheria. Katiba ya Jamhuri ya Muungano ya mwaka 1977, katika ibara ya 16, imeilinda faragha ya mtu, nafsi yake na maskani yake, na Katiba ya Zanzibar ya mwaka 1984 imefanya hivyo katika ibara ya 15. Iko pia Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Sheria zipo, lakini shuka haijaonekana. Kwa hivyo napendekeza kwamba chama chetu kisisimame kupinga ukaguzi, bali kidai mambo matano yaliyo wazi.

La kwanza, mwanamke akaguliwe na mwanamke na mwanamume na mwanamume, kila saa na kila zamu, na asipokuwapo mkaguzi wa kufaa, ndege ingoje, si ushungi uvuliwe. La pili, pawepo pazia au chumba, na mgonjwa, mlemavu na mzee waulizwe kwanza kabla ya kuguswa. La tatu, kila mashine inayonunuliwa kwa fedha ya umma itangazwe inaona nini na inaweka nini, na wananchi waulizwe kabla ya kufungwa, si baada ya kulalamika. La nne, picha na maelezo ya abiria yawe na siku ya kufutwa, na asiwepo ofisa wa kuyatumia kwa jambo jengine lisilokuwa usalama wa ndege. Sisi watu wa upinzani twajua vyema kwamba khabari za nani amesafiri na nani zaweza kuwa na wanunuzi wengi. La tano, aliyezuiliwa kusafiri aambiwe sababu, na awe na pahala pa kwenda kusema: fungua daftari, nione.

Mambo haya hayamnufaishi mripuaji hata mmoja. Hakuna bomu linalopita kwa sababu ya pazia.

TUANZE KWETU

Lakini ndugu zangu, hatuwezi kudai tusichokitenda. Katika mikutano yetu ya ndani vijana wetu husimama mlangoni wakakagua mikoba, nami nafahamu kwa nini. Je, tumeweka wanawake wa kuwakagua wanawake? Mara nyingine ndio, mara nyingine la. Na liko baya zaidi. Nani katika sisi hajapata kusikia jina la mwanachama mwenziwe likinong'onwa barazani kwamba "huyo si wetu, huyo hupeleka maneno"? Hakuitwa, hakuulizwa, hakuonyeshwa ushahidi. Siku ya pili watu humnyamazia anapokaribia. Hiyo nayo ni orodha, tena mbaya kuliko ya Marekani, kwa kuwa haikuandikwa popote na kwa hivyo haiwezi kufutwa. Najua kwamba wako watakaochukizwa na maneno haya, na huenda wengine wakaanza kulinong'ona jina langu. Nami nitawajibu kama yule jirani yangu: fungueni daftari, nione.

Twaitafuta dhamana ya nchi. Inshaallah siku itafika tutakapokabidhiwa funguo za viwanja na bandari, na askari watakuwa wanangojea amri zetu. Siku hiyo tutashawishika, kama kila mtawala alivyoshawishika, kusema kwamba khatari ni kubwa na shuka itaongojea. Basi tuandike leo, tungali upande huu wa mlango, namna tutakavyowakagua wenzetu, ili watoto wetu watudai kwayo. Wazee walikwisha sema: muosha huoshwa.

Wabillahi tawfiq.

Mwenye Mizani